Studi za Hedi: Mambo Ambayo Mlaji Hana Budi Kuyajua Kabla Injini Haijafungwa

Utangulizi

Injini inapofunguliwa gereji, mwenye mali huwa na maswali mawili: kazi itakwisha lini, na itagharimu kiasi gani. Swali la tatu, ambalo mara nyingi ndilo huamua kama injini itadumu, huulizwa kwa nadra: je, hedi itakazwa kwa namna gani?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti swali hili linagusa maisha ya watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Linamgusa mwenye mashine ya kusaga huko Nyamwaga, mchimbaji mdogo mwenye karasha Nyamongo, dereva wa bodaboda apelekaye abiria mpakani Sirari, na mwenye gari la watalii litokalo Mugumu kuelekea lango la Ikoma. Injini zao hazifanani kwa ukubwa wala kwa bei, lakini zote zina hedi iliyoshikwa na vyuma vichache vyenye meno. Vyuma hivyo vikilegea, au vikikazwa kupita kiasi, kazi husimama. Mashine ya kusaga ikisimama wiki moja, kina mama hubeba mahindi kichwani hadi kijiji cha jirani. Pikipiki ikisimama, marejesho ya mkopo hayangoji.

Somo hili halikusudii kumfanya mlaji kuwa fundi. Linakusudia mambo manne: aelewe studi hufanya kazi gani, aweze kununua studi zifaazo, aitambue kazi iliyofanywa kwa utaratibu, na ajue namna ya kulinda fedha yake endapo kazi itaharibika.

1. Hedi, gasketi na studi

Injini ina bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Juu ya bloku huwekwa hedi, ambayo ni kifuniko chenye vali na njia za hewa na moshi. Kati ya hedi na bloku hulazwa gasketi, karatasi ngumu au bati maalumu linalozuia moto, maji na oili visichanganyikane. Studi, ambazo mafundi wengine huziita stadi, ni vyuma virefu vyenye meno pande zote mbili. Upande mmoja hupandwa katika bloku na kubaki humo. Upande wa pili hutokeza juu ya hedi na kufungwa kwa nati.

Si kila injini hutumia studi. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2 inayojulikana sana katika magari ya Land Cruiser, hufungwa kwa bolti ndefu zenye kichwa. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia studi 4 ndefu zinazotoka chini ya silinda na kuibana silinda pamoja na hedi. Kanuni nyingi za somo hili zinahusu bolti na studi sawasawa. Pale zinapotofautiana, tutaeleza.

Ili kuona uzito wa kazi ya vyuma hivi, tufanye hesabu ndogo. Chukua injini ya dizeli yenye silinda moja ya kipenyo cha milimita 95, ukubwa wa kawaida kwa mashine ya kusaga. Mafuta yanapolipuka ndani yake, msukumo unaweza kufika kilo 70 kwa kila sentimita moja ya mraba. Eneo la silinda ni takriban sentimita 71 za mraba. Hedi basi husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 5, sawa na uzito wa magunia 50 ya mahindi ya kilo 100. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, tukio hilo hurudiwa mara 1,000 kila dakika. Kinachozuia hedi isinyanyuke ni studi hizo chache tu.

2. Mkazo ni kipimo, si nguvu za mkono

Watu wengi hudhani kwamba nati iliyokazwa zaidi ndiyo iliyofungwa vizuri zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Studi hufanya kazi mfano wa springi. Nati inapokazwa, studi hurefuka kwa sehemu ndogo ya milimita, kisha hutaka kurudi katika urefu wake wa awali. Jitihada hiyo ya kurudi ndiyo inayoibana hedi juu ya gasketi.

Studi iliyokazwa pungufu haibani vya kutosha. Hedi hutikisika, gasketi huchomeka, na maji huingia katika silinda. Studi iliyokazwa kupita kiasi huvutika mpaka ikashindwa kurudi, kama mpira wa kiunoni uliochoka. Kwa macho huonekana imekazwa, lakini nguvu yake imekwisha. Nyingine hukatika, na nyingine hung'oa meno ya bloku. Ikiwa mkazo haulingani, yaani upande mmoja mkubwa na mwingine mdogo, hedi yenyewe hupinda.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa injini hutoa kipimo cha kukazia. Kipimo hicho huandikwa kwa nyutoni-mita, kwa ufupi Nm. Maana yake ni nguvu inayowekwa kwenye spana ikizidishwa na urefu wa spana. Fundi anayevuta kwa nguvu ya kilo 30 kwenye spana ya sentimita 40 anaweka takriban Nm 118. Fundi huyohuyo akichomeka bomba la mita moja na kuvuta kwa nguvu ileile, anaweka takriban Nm 294. Mkono wake hautahisi tofauti; studi itaihisi. Ndiyo maana bomba halifai katika kukaza hedi.

Jambo jingine lifahamike. Si nguvu yote ya spana inayofika kwenye studi. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, katika kila sehemu 10 za nguvu hiyo, karibu 5 huliwa na msuguano chini ya nati, karibu 4 huliwa na msuguano wa meno, na moja tu hubaki ya kuinyoosha studi. Meno yakiwa na kutu au mchanga, hata sehemu hiyo moja hupungua. Spana itaonyesha kipimo kamili, ilhali hedi haikubanwa ipasavyo. Kwa upande mwingine, oili ikipakwa mahali ambapo mtengenezaji ameagiza meno yawe makavu, studi itavutika kupita kiasi. Kipimo na hali ya meno ni maagizo mawili yanayokwenda pamoja.

3. Kununua studi

Studi bora haijulikani kwa kung'aa. Inajulikana kwa alama, kwa vipimo na kwa maelezo ya muuzaji.

Alama. Bolti nyingi za chuma huwa na tarakimu kichwani, na studi huweza kuwa nazo kwenye ncha: 8.8, 10.9 au 12.9. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonyesha nguvu ya kukatika kwa megapaskali. Tarakimu ya pili huonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo chuma kinaweza kubeba kabla ya kunyooka moja kwa moja. Hivyo chuma cha 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kunyooka kwenye asilimia 80 ya hapo; cha 10.9 hukatika kwenye 1,000 na huanza kunyooka kwenye asilimia 90. Ikiwa injini ilitoka kiwandani na studi za 10.9, kuweka za 8.8 ni kushusha nguvu yake bila kumwambia mtu.

Chuma cha meno cha duka la ujenzi. Zipo nyakati fundi hukata kipande cha chuma kirefu chenye meno kinachouzwa kwa ajili ya mapaa na mageti, akakifanya studi. Chuma hicho kwa kawaida ni laini na kina nguvu iliyo chini mno ya 8.8. Kitaingia vizuri, nati itazunguka vizuri, na injini itawaka. Baada ya muda kitarefuka na gasketi itachomeka. Mlaji asikubali jambo hili hata kama bei inavutia.

Vipimo. Studi mpya ilinganishwe na ya zamani kwa urefu, unene na nafasi kati ya meno. Nati iweze kuzunguka kwa vidole hadi mwisho wa meno. Ikigoma katikati, meno hayalingani au yameharibika. Studi ya zamani ambayo ni ndefu kuliko mpya, au iliyokonda katikati, imekwisha kuvutika na haifai kurudishwa.

Maelezo kwa muuzaji. Mwambie muuzaji waziwazi injini ni ya aina gani na studi zinakwenda wapi, kisha omba aandike maelezo hayo kwenye risiti. Jambo hili lina maana kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kusudi la ununuzi na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa kusudi hilo. Risiti iliyoandikwa "vyuma 4" haimsaidii mlaji. Risiti iliyoandikwa "studi 4 za hedi, injini ya dizeli ya silinda moja" ni ushahidi.

Mlaji anayenunua spea ng'ambo ya mpaka, kwa mfano Isebania nchini Kenya, akumbuke kwamba dai lake litakuwa dhidi ya muuzaji aliye katika nchi nyingine yenye sheria zake. Tofauti ya bei ipimwe pamoja na ugumu huo.

4. Hatua za kazi iliyofanywa kwa utaratibu

Mlaji ana haki ya kuwapo kazi inapofanyika, mradi asimsumbue fundi wala kuhatarisha usalama wake. Akiwapo, ayatazame mambo haya:

(a) Injini ifunguliwe ikiwa baridi. Nati zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati. Kufungua injini ya moto, au kulegeza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine, kunaweza kuipinda hedi.

(b) Nyuso za hedi na bloku zisafishwe bila kuzikwaruza, kisha zipimwe kwa rula iliyonyooka na vipimio vyembamba vya bati. Upindaji unaoruhusiwa hutajwa na mtengenezaji, na kwa kawaida ni mdogo sana, mara nyingi haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Hedi iliyopinda zaidi ya hapo ipelekwe kuchongwa. Hakuna mkazo unaoweza kuinyoosha.

(c) Matundu ya studi katika bloku yasafishwe na kukaushwa kabisa. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na madhara yake ni makubwa. Maji au oili iliyobaki chini ya tundu haibonyei. Studi inapoingizwa kwa nguvu, kimiminika hicho husukuma pande zote na huweza kupasua bloku.

(d) Meno ya bloku yakaguliwe. Bloku au kisanduku cha injini cha aluminiamu, kama cha pikipiki, hung'oka meno kwa urahisi. Meno yaliyong'oka yatengenezwe kwa kuwekewa koili ya chuma yenye meno mapya. Kuzungushia uzi au bati la kopo si matengenezo.

(e) Studi zipandwe kwa mkono mpaka zifike mahali pake, isipokuwa mtengenezaji awe ametaja kipimo cha kuzikazia. Hazipigwi nyundo wala hazikazwi kwa spana ya bomba. Studi ambazo tundu lake limefika kwenye njia ya maji hupakwa gundi maalumu ya meno ili maji yasipande. Zikishapandwa, zote zitokeze kwa urefu unaolingana na maelezo ya injini.

(f) Gasketi iwe mpya, na matundu yake yalingane na ya bloku. Gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja hairudi unene wake. Isipakwe gundi isipokuwa mtengenezaji ameagiza.

(g) Washa ngumu ziwekwe chini ya nati kama zilivyokuwa mwanzo. Washa laini za kawaida hubonyea, na mkazo hupotea.

(h) Nati zifungwe kwa vidole kwanza. Kisha zikazwe kwa kufuata mpangilio uliotolewa na mtengenezaji, ambao kwa kawaida huanza katikati na kwenda nje kwa kupishana. Hedi yenye nati 4 hukazwa kwa mshalaba.

(i) Mkazo ufikiwe kwa awamu, kwa kawaida tatu. Ikiwa kipimo cha mwisho ni Nm 90, nati zote zifike 30, kisha zote 60, ndipo zote 90. Kuifikisha nati moja 90 wakati jirani yake imelegea ni kuinamisha hedi.

(j) Injini nyingine huagiza hatua ya mwisho kwa nyuzi badala ya Nm, kwa mfano kuzungusha robo mzunguko baada ya kipimo cha kwanza. Baadhi ya bolti za aina hiyo hutumiwa mara moja tu. Fundi aeleze kama za injini yako ni za namna hiyo kabla hajazirudisha.

(k) Injini nyingine hutaka nati zirudiwe kukazwa baada ya kufanya kazi na kupoa. Nyingine mtengenezaji amekataza. Jibu liwe katika kitabu cha injini, wala lisiwe la mazoea. Nati zikirudiwa, nafasi za vali zipimwe upya.

5. Spana ya kupimia mkazo

Kazi iliyoelezwa hapo juu haiwezekani bila spana ya kupimia mkazo, ambayo mafundi huiita toki renchi. Aina iliyoenea hutoa mlio mdogo kipimo kinapofika. Mlio ukisikika, fundi aache kuvuta papo hapo. Mvuto wa pili "wa kuhakikisha" huongeza mkazo. Spana hiyo haitumiki kulegezea nati zilizogoma, na baada ya kazi hurudishwa kwenye kipimo chake cha chini ili springi yake isichoke.

Makosa mengi hutokea kwenye kusoma vipimo. Spana nyingine huandikwa kwa futi-pauni, na nyingine kwa kilo-mita. Futi-pauni 1 ni Nm 1.36; kilo-mita 1 ni Nm 9.8. Fundi akisoma 100 kwenye upande wa futi-pauni ilhali kitabu kinataka Nm 100, amezidisha mkazo kwa zaidi ya theluthi moja. Kosa hilo peke yake latosha kukata studi.

Spana pia huchoka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 huelekeza ipimwe upya kila baada ya miezi 12 au mizunguko 5,000, kipi kitangulie, endapo hakuna utaratibu mwingine uliowekwa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina maabara ya ugezi kwa kazi za namna hii.

Mahali palipo mbali na maabara, fundi na mlaji wanaweza kufanya jaribio jepesi. Spana ifungwe kwenye jiliwa ikiwa imelala sawa na ardhi. Pima sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa chake hadi katikati ya mpini. Ning'iniza hapo ndoo yenye maji, polepole, uzito wote pamoja na ndoo ukiwa kilo 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu ni 20 × 0.4 × 9.8, yaani takriban Nm 78, na uzito wa spana yenyewe huongeza kidogo. Ikiwekwa kwenye 70, spana inapaswa kutoa mlio. Ikiwekwa kwenye 88, haipaswi. Ikishindwa jaribio hili, isitumike kwenye hedi mpaka ipimwe. Jaribio hili hufichua spana mbovu. Halichukui nafasi ya maabara.

6. Mazingira ya Tarime na Serengeti

Injini katika wilaya zetu hufanya kazi mahali palipoinuka. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Tarime hupita mita 1,500. Kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima huongeza mgandamizo na kuyazuia maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea au kilichobadilishwa kwa kitambaa huondoa kinga hiyo.

Joto likizidi, mkazo wa studi nao huathirika. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida cha studi kikipata joto lilelile. Hedi ya aluminiamu iliyochemka huzisukuma studi za chuma kwa nguvu isiyokusudiwa, na zikivutika kupita kiasi hazirudi. Kwa hiyo injini iliyochemka sana ikaguliwe studi zake, hata kama gasketi pekee ndiyo inayoonekana kuungua.

Vumbi la barabara na la karasha huziba rejeta na mapezi ya kupozea ya pikipiki. Mchanga huohuo ukiingia katika meno ya studi wakati wa kufunga, huharibu kipimo cha mkazo kama ilivyoelezwa. Hedi isifungwe kando ya barabara upepo ukivuma, ikiwa lipo banda.

7. Dalili za hedi isiyokazwa vizuri

Baada ya matengenezo, mlaji aangalie dalili hizi katika siku za mwanzo:

• maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanapovuja;
• mapovu katika maji ya rejeta injini ikiwaka;
• moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto;
• oili kubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa;
• mlio wa hewa au masizi kwenye maungio ya hedi na bloku;
• injini kukosa nguvu au kuwa ngumu kuwaka.

Dalili mojawapo ikionekana, injini izimwe na isiendelee kutumika. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yatafoka na kuunguza. Mwite fundi aliyefanya kazi kabla ya kumpa mwingine, vinginevyo itakuwa vigumu kuthibitisha nani alikosea.

8. Mfano wa kujadiliwa

Tuchukue mfano wa kikundi cha kina mama chenye mashine ya kusaga. Gasketi imeungua. Fundi anafungua, anaona studi mbili zimekonda, anashauri zote zibadilishwe. Kikundi kina fedha ya gasketi tu, kinamwomba afunge hivyohivyo. Fundi anakubali. Baada ya wiki tano gasketi inaungua tena. Kikundi kinasema fundi ni mbovu. Fundi anasema alionya. Hakuna maandishi.

Nani abebe hasara? Ikiwa fundi alionya na kikundi kikakataa, si haki kumtwisha lawama yote. Hata hivyo fundi anayejua kwamba kazi haitadumu anapaswa kusema hivyo kwa uwazi, na ikibidi akatae. Kilichokosekana ni mistari mitatu ya maandishi: kilichoonekana, kilichoshauriwa, na uamuzi wa mwenye mali. Mistari hiyo ingemlinda fundi ikiwa alionya, na ingekilinda kikundi ikiwa hakuonya. Kikundi pia kingefanya hesabu tofauti kama kingejua: gasketi mbili, malipo ya fundi mara mbili na siku za mashine kusimama hugharimu zaidi ya studi ambazo zilionekana ghali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

9. Makubaliano na haki za mlaji

Kabla ya kazi, andikianeni mambo haya: aina ya injini, vipuri vitakavyonunuliwa na nani atavinunua, kipimo cha kukazia na kitabu au chanzo kilikotoka, kama studi ni mpya au za zamani, gharama, na muda ambao fundi atarudia kazi bila malipo ikiharibika kwa kosa lake. Dai risiti ya vipuri, na vipuri vya zamani urudishiwe. Studi iliyovutika ni ushahidi, usiiache gereji.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na inatarajia huduma kutolewa kwa ujuzi na uangalifu unaostahili. Kuuza studi laini kwa jina la studi imara ni upotoshaji. Kusema "nimekaza kwa kipimo" bila kuwa na spana ya kupimia ni upotoshaji pia.

Tatizo likitokea, fuata ngazi hizi. Kwanza, zungumza na fundi au muuzaji ukiwa na risiti na kipuri mkononi. Mengi humalizika hapo. Pili, ikiwa bidhaa ni bandia au umepotoshwa, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC). Ikiwa haikidhi kiwango cha ubora, toa taarifa TBS. Tatu, ikiwa unadai fidia ya fedha, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo ya madai ya kawaida. Kwa mafundi wanaotaka ujuzi wao utambuliwe rasmi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na ina chuo mjini Musoma. Mlaji anayemchagua fundi mwenye cheti na spana iliyopimwa humtia moyo fundi huyo na kuwavuta wengine wamfuate.

10. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini studi iliyokazwa kupita kiasi inaweza kubana hedi kidogo kuliko iliyokazwa kwa kipimo?
2. Tarakimu 10.9 kwenye chuma ina maana gani?
3. Kuna hatari gani maji yakibaki katika tundu la studi?
4. Kitabu cha injini kinataka Nm 80. Spana ya fundi ina futi-pauni tu. Aiweke kwenye ngapi? (Jibu: takriban 59.)
5. Ni maneno gani utaomba yaandikwe kwenye risiti ya studi, na kwa nini?

Msomaji aliyeweza kuyajibu maswali haya hahitaji kushika spana. Inatosha asimame gereji na kuuliza kwa upole: "Fundi, kipimo cha hedi hii ni ngapi, na spana yako imepimwa lini?" Fundi mwangalifu atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kujibu, ni vema ajulikane kabla nati ya kwanza haijafungwa.